Namna ya kuwalipa kwa haki wafiwa wa janga la kitaifa

Janga kubwa linapotokea, fedha huanza kuingia kwenye akaunti ya maafa wakati maziko bado yanaendelea, na mara nyingi huingia kabla hajapatikana mtu hata mmoja anayeweza kusema zitatolewa kwa nani, kwa kiasi gani na kwa masharti yapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale watakaoteuliwa kukaa kwenye kamati ya kugawa fedha hizo, wawe ni watumishi wa serikali, viongozi wa dini, wanasheria au wazee walioaminiwa na jamii. Msimamo wangu ni kwamba haki ya mgao huamuliwa na yale yaliyokubaliwa na kuandikwa kabla jina la familia yoyote halijafika mezani. Kamati inayoanza na majina kisha ikatafuta kanuni za kuyatosheleza majina hayo itaishia kushutumiwa, hata kama haikuiba shilingi moja.

Mfano nitakaourejea zaidi ni Mfuko wa Fidia wa Waathirika wa Septemba 11 nchini Marekani, yaani wa mashambulizi ya kigaidi ya mwaka 2001, kwa sababu ndio mfuko wa aina hii ambao hesabu na kanuni zake ziliwekwa wazi kuliko mingine, na kwa sababu aliyeusimamia, mwanasheria Kenneth Feinberg, baadaye alikuja kukiri hadharani kwamba msingi wake mmoja haukuwa mzuri. Hata hivyo, pale inapobidi nitarudi kwetu, maana mabomu ya mwaka 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, ndege ya Ethiopia iliyoanguka mwaka 2019 na vivuko vilivyozama katika maji yetu vimetufundisha mambo ambayo hayakuonekana New York.

Tenganisheni mafungu ya fedha

Kabla ya lolote, kamati itambue kwamba fedha zinazowafikia wafiwa huwa za aina tatu, na kila aina ina mwenyewe na masharti yake. Ya kwanza ni rambirambi, yaani michango ya wananchi, kampuni na mashirika, inayotolewa kwa moyo wa huruma bila yeyote kukiri kosa. Ya pili ni kifuta machozi, ambacho serikali hutoa kwa hiari yake au kwa kanuni iliyokwishapangwa, kama vile Tanzania inavyofanya kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori. Ya tatu ni fidia yenyewe, ambayo hulipwa kwa sababu kuna mtu, kampuni au taasisi inayowajibika kisheria kwa vifo hivyo. Mafungu haya yakichanganywa katika akaunti moja, mwenye kosa atajificha nyuma ya michango ya wananchi, na wananchi watadhani kwamba wafiwa wamekwisha kulipwa ilhali wamepewa pole tu.

Fungueni akaunti tofauti kwa kila fungu, kisha tangazeni siku hiyo hiyo fedha za rambirambi zitatumika kwa jambo gani. Hapa ndipo uaminifu huvunjika mapema. Baada ya Septemba 11, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 500, kisha ikajulikana kwamba ulikusudia kuweka sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya mahitaji mengine ya baadaye. Hasira ya wachangiaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi Novemba 2001 shirika hilo lilibadili msimamo na kuahidi kwamba fedha zote zingekwenda kwa walioathirika. Kwetu, baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, sehemu ya michango ilielekezwa kwenye ujenzi wa Kituo cha Afya Bwisya, na miaka miwili kabla ya hapo michango ya tetemeko la Kagera ilielekezwa kwa kiasi kikubwa kwenye majengo ya umma. Kituo cha afya ni jambo jema, na kisiwa kama Ukara kilikihitaji. Lakini mtu aliyetuma shilingi elfu kumi kwa simu akimfikiria mjane fulani ana haki ya kuambiwa kabla ya kutuma kwamba fedha yake itanunua saruji. Kwa hiyo, ikiwa kamati inataka sehemu ijenge wodi au mnara wa kumbukumbu, iseme hivyo kwenye tangazo la kwanza la kuomba michango, na itaje asilimia.

Andikeni nani anastahili

Hati ya mfuko ianze na mipaka ya mahali, muda na aina ya dhara. Je, aliyefariki hospitalini wiki tatu baadaye amo? Mwokoaji aliyekufa akiwavuta wenzake je? Mimba iliyotoka? Mtu aliyepata maradhi ya mapafu kwa vumbi la jengo lililoporomoka? Maswali haya yakijibiwa kwa ujumla, jibu huwa ni la kanuni, lakini yakijibiwa huku mjane amekaa mbele yenu, jibu huwa ni la huruma au la woga, na familia ya pili yenye hali hiyo hiyo itapata jibu tofauti.

Mfuko wa Septemba 11 ulianzishwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani siku chache tu baada ya tukio, mwezi huo huo wa Septemba 2001. Uamuzi wake mmoja unafaa kuigwa na kila kamati, nao ni kwamba uraia na hali ya uhamiaji havikuwa kigezo. Katika mgahawa uliokuwa juu kabisa ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center, majengo yaliyoshambuliwa New York, na katika shughuli za usafi na mapishi, walikuwamo wafanyakazi waliotoka nchi nyingine bila vibali, na familia zao zilihakikishiwa kwamba kudai fidia hakutazifanya zikamatwe wala kurudishwa makwao. Ikiwa janga limetokea katika mji wenye wakimbizi, wachuuzi wa mpakani au wavuvi wa nchi jirani, hakikisho kama hilo liandikwe waziwazi na litangazwe kwa lugha wanayoielewa, kwa sababu bila hilo hawatajitokeza.

Kinyume chake tulikiona sisi. Milipuko ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani iliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na katika hao wote Wamarekani walikuwa 12. Makubaliano ya dola milioni 335 ambayo Sudan, iliyodaiwa kuwasaidia waliolipua, ilifikia na Marekani mwaka 2020 yaliwahusu raia wa Marekani na watumishi wa balozi zile. Hata baina ya watumishi hao, kiwango kwa familia ya Mmarekani aliyeuawa kilikuwa dola milioni 10, na kwa familia ya mwenzake asiye raia kilikuwa dola 800,000. Wengi waliokufa Nairobi hawakuwa watumishi wa ubalozi hata kidogo. Walikuwa wapita njia, abiria, na watu waliokuwa ndani ya Ufundi House, jengo la jirani lililoporomoka, na kwa familia hizo mpaka uliochorwa na makubaliano yale ulizifungia nje. Sitaki kudai kwamba Sudan ingeweza kumlipa kila mtu. Ninachosema ni kwamba mgao unaopima thamani ya mfu kwa pasipoti yake hauwezi kutetewa mbele ya wafiwa waliozika siku moja.

Kiasi: sawa kwa wote, au kwa kipato?

Hili ndilo swali litakalochukua muda wenu mwingi, na halina budi kujibiwa tofauti kwa kila fungu la fedha.

Sheria za madai ya vifo katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo kwa urithi wa sheria za Uingereza, hupima hasara kwa kile ambacho wategemezi wamekikosa. Mahakama za Kenya huchukua kipato halisi cha marehemu kwa mwezi, huzidisha kwa 12, huzidisha tena kwa idadi ya miaka ambayo inakadiriwa angeendelea kufanya kazi, kisha huchukua sehemu iliyokuwa ikienda kwa wategemezi, ambayo aghalabu ni theluthi mbili kwa mwenye mke au mume na watoto, na theluthi moja kwa asiye na ndoa. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtu wa miaka 35 aliyekuwa akibakiwa na shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi, na mahakama ikakadiria miaka 20. Kipato cha mwaka ni 360,000, kwa miaka 20 ni 7,200,000, na theluthi mbili yake ni 4,800,000. Sasa mchukue meneja aliyekufa kando yake katika ajali hiyo hiyo akipokea mara kumi ya hapo. Familia yake itapata milioni 48, na wote wawili walikufa kwa uzembe ule ule.

Marekani ilichukua njia hii kwa sababu sheria iliagiza hivyo. Matokeo yake yalikuwa kwamba familia ya marehemu mmoja ililipwa dola 250,000, nyingine dola milioni 7.1, na wastani ukawa kama dola milioni 2. Kwa jumla mfuko ulilipa zaidi ya dola bilioni 7, na familia 2,880 za waliofariki, yaani asilimia 97 ya zilizostahili, ziliridhia kuingia. Kwa hesabu hizo mtu angesema mfuko ulifaulu, na kwa maana moja ulifaulu kweli. Lakini Feinberg mwenyewe, baada ya kumaliza, alisema kwamba laiti sheria ingemruhusu angewalipa wote sawa. Sababu zake si ngumu kuzielewa kwa yeyote aliyewahi kukaa na wafiwa. Mjane wa zimamoto aliuliza kwa nini mumewe, aliyekuwa akipanda ngazi kuokoa watu, ana thamani ndogo kuliko dalali wa hisa aliyekuwa akishuka, na hakuna jibu la kihesabu linaloweza kumtosheleza mtu aliyeuliza swali hilo.

Ushauri wangu ni huu. Fungu la rambirambi ligawanywe sawasawa kwa kila marehemu, bila kutazama cheo, umri wala mshahara, kwa sababu mchangiaji hakumlilia mtu kwa kadiri ya mshahara wake. Hivyo ndivyo ulivyofanya mfuko wa Boston baada ya mabomu ya mbio za marathoni ya Aprili 2013: takribani dola milioni 61 zilizokusanywa ziligawanywa kabla ya Juni kwisha, kila familia ya marehemu ikapata kiasi kilekile cha zaidi kidogo ya dola milioni 2, na majeruhi wasiokuwa wamekatwa viungo wakapangwa kwa idadi ya usiku waliolala hospitalini. Kigezo cha usiku wa kulazwa kinaweza kuonekana kikavu, lakini kinathibitishwa kwa karatasi moja ya hospitali, hakihitaji jopo la madaktari wanaobishana, na mtu yeyote anaweza kujihesabia mwenyewe kabla ya kuja. Uharaka nao ni sehemu ya haki, maana ada ya shule na kodi ya nyumba havisubiri.

Kwa fungu la fidia linalotokana na uwajibikaji wa kisheria, kipato hakiwezi kuachwa kabisa, lakini kinaweza kupunguzwa makali. Jambo la kwanza ni kuweka kima cha chini ambacho hakuna familia itakayopata pungufu yake, na kima cha juu ambacho hakuna itakayokivuka bila maelezo ya pekee. Marekani iliweka ukomo wa mahesabu kwenye kipato cha dola 231,000 kwa mwaka. Jambo la pili ni kuwapa thamani watu wasio na hati za mshahara. Mama lishe, bodaboda, mvuvi na mkulima hawana karatasi ya benki ya kuonyesha, na mahakama za Kenya zimezoea kutumia kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali pale ushahidi unapokosekana. Kamati inaweza kwenda mbele zaidi kwa kupokea daftari la mauzo, ushahidi wa kiongozi wa chama cha wavuvi, au miamala ya simu ya miezi kadhaa, ambayo siku hizi husema ukweli kuliko barua ya mwajiri. Mama wa nyumbani naye asihesabiwe sifuri, kwa kuwa kazi aliyokuwa akiifanya ina gharama. Ulizeni ingegharimu kiasi gani kumlipa mtu wa kupika, kufua, kulea na kuuguza, kisha mtumie kiasi hicho. Jambo la tatu ni kuwatazama watoto na wanafunzi waliokufa kama kundi moja lenye kiwango kimoja, kwa sababu kubahatisha nani angekuwa daktari na nani angekuwa dereva kutokana na ripoti za shule ni jambo lisilofaa na lenye kutia uchungu.

Kuna suala la kukata fedha ambazo familia imepata kwingineko, kama vile bima ya maisha. Sheria ya Marekani iliagiza bima hizo zikatwe, na jambo hilo liliwaudhi wengi walioona kwamba marehemu aliyejinyima kulipa bima ameadhibiwa kwa busara yake. Mimi ningependekeza kwamba rambirambi zisikatwe kwenye fidia kwa hali yoyote, na bima aliyoilipia marehemu mwenyewe isiguswe. Kinachoweza kukatwa ni malipo ya awali yaliyotolewa na huyo huyo anayewajibika.

Nani apokee

Katika jamii zetu, ugomvi mkubwa hutokea ndani ya familia yenyewe kuliko baina ya familia na mfuko. Marehemu ana mke wa ndoa mjini, mwenzake aliyeishi naye miaka mingi kijijini bila cheti, watoto wa nje, mama mzazi aliyekuwa akitumiwa fedha kila mwisho wa mwezi, na kaka mkubwa anayesema kwamba kwa desturi ya ukoo yeye ndiye mwenye sauti. Wote watafika, na wote watakuja na mashahidi.

Amueni kwanza ikiwa fedha hizi ni sehemu ya mirathi au ni za wategemezi moja kwa moja. Zikiwa mirathi, zitapita kwa msimamizi wa mirathi, zitagawanywa kwa sheria inayomhusu marehemu, na wadai wake wanaweza kuzifuata. Zikiwa za wategemezi, mfuko unaweza kuwalipa kila mmoja fungu lake na madeni ya marehemu yasiziguse. Kwa rambirambi napendelea njia ya pili, na iandikwe hivyo kwenye hati. Kwa marehemu Waislamu, mwombeni kadhi atoe maelekezo mapema kuhusu lipi linahesabiwa urithi na lipi ni zawadi kwa wafiwa, kwa sababu mgao wa urithi una mafungu yaliyokwishapangwa, mjane mwenye watoto akiwa na thumuni, na si vizuri suala hilo liibuke baada ya hundi kuandikwa. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ambayo ina uzoefu wa mambo haya, na Tanzania Bara kuna RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini.

Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hati muhimu, lakini usipokelewe kama neno la mwisho. Nimeona mihtasari iliyosainiwa na wajomba sita na mjane ambaye jina lake limeandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine, huku dole gumba likiwa limebandikwa chini ya tarehe ambayo mjane huyo alikuwa bado yuko hospitalini. Mhojini mjane peke yake, bila shemeji kuwapo chumbani, na ikiwezekana mbele ya mjumbe mwanamke. Ulizeni watoto wako wapi, wanasoma wapi, nani anawalisha leo. Barua ya mtendaji wa kijiji au ya chifu ilinganishwe na vyeti vya kuzaliwa na maelezo ya mwalimu wa shule, ambaye kwa kawaida anajua mzazi aliyekuwa akilipa ada ni nani.

Watoto wa nje ya ndoa walipwe sawa na wenzao. Feinberg amesimulia mara kadhaa kisa cha mjane mmoja wa zimamoto aliyemwambia jinsi mumewe alivyokuwa baba wa mfano kwa watoto wao watatu, na siku iliyofuata mwanasheria akapiga simu kueleza kwamba marehemu alikuwa na watoto wengine wawili kwa mwanamke mwingine. Alizilipa familia zote mbili, kila moja kwa hundi yake, na hakumwambia mjane. Kwetu siri kama hiyo haidumu hata matanga hayajaanuliwa, lakini kanuni iliyomo ni sahihi: mtoto alipwe kwa haki yake mwenyewe, kwa akaunti yake, na si kwa ruhusa ya upande mwingine wa familia.

Fedha za mtoto aliye chini ya miaka 18 zisikabidhiwe kwa mlezi zote kwa mkupuo. Ziwekwe kwenye akaunti ya amana yenye masharti, sehemu itoke kila muhula kwenda shuleni moja kwa moja, sehemu ndogo itoke kila mwezi kwa matunzo, na salio lisubiri hadi mtoto atakapofika utu uzima. Mlezi atoe hesabu kila mwaka, na asipotoa, malipo ya matunzo yasimame ila ada iendelee.

Kuthibitisha kifo pasipo mwili

Moto, maji na jengo lililoporomoka huacha familia bila mwili wa kuzika. Zaidi ya miaka 20 baada ya Septemba 11, takribani watu 1,100 kati ya 2,753 waliokufa New York walikuwa bado hawajatambuliwa kwa mabaki yoyote, lakini jiji lile liliweka utaratibu wa haraka wa kutoa vyeti vya kifo kwa kiapo na ushahidi kwamba mtu alikuwa ndani ya majengo. Bila utaratibu wa namna hiyo, familia ingelazimika kungoja muda wa kisheria wa mtu kudhaniwa amekufa, ambao nchini Kenya ni miaka saba.

Katika vivuko vyetu tatizo huwa ni orodha ya abiria. MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na walioopolewa wakiwa wafu pekee walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011, idadi ya waliokuwamo imeendelea kubishaniwa. Kwa hiyo tiketi isiwe sharti. Kamati ipokee ushahidi wowote wenye uzito: simu ya mwisho na mnara uliyoipokea, mtu aliyemsindikiza gatini, abiria aliyenusurika aliyekaa naye, mzigo uliosafirishwa kwa jina lake. Uongo utakuwapo, na dawa yake ni kubandika majina kwenye ofisi ya kijiji au mtaa anakotoka marehemu kwa wiki mbili ili anayejua kinyume aseme. Majirani hawadanganywi kirahisi juu ya nani alisafiri.

Wasikilizeni, kisha andikeni sababu

Kila familia ipewe nafasi ya kufika mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuamua, hata kama kiasi kimekwisha kupangwa na hakitabadilika. Feinberg aliendesha mwenyewe mamia ya vikao vya faragha, na wengi waliofika hawakuzungumzia fedha. Walileta picha, vyeti vya shule, kanda za video za harusi. Kikao kama hicho kifanyike mahali penye staha, kwa lugha ya nyumbani ya mfiwa, na asiulizwe maswali ya kipolisi. Mwanasheria wa bure awepo, kama mawakili wa Marekani walivyojitolea kwa wingi katika mfuko ule, la sivyo nafasi hiyo itachukuliwa na madalali wanaoahidi kuharakisha mambo kwa theluthi ya malipo.

Uamuzi utolewe kwa maandishi, ukieleza hesabu ilivyofikiwa mstari kwa mstari, pamoja na mahali na muda wa kukata rufaa. Anayesikiliza rufaa asiwe miongoni mwa walioamua mwanzo. Majina na viwango visichapishwe pamoja magazetini, kwa sababu mjane anayejulikana kuwa na milioni kadhaa hupata ndugu wapya na wezi wa zamani.

Hati ya kuachilia madai

Jambo moja lisiwapite kamwe: msimtake mfiwa asaini karatasi ya kuacha haki ya kushtaki ili apate rambirambi. Kuacha haki hiyo kunaweza kuwa na maana pale tu malipo yanapokaribia yale ambayo mahakama ingetoa, kama ilivyokuwa kwa mfuko wa Septemba 11, ambako waliokubali waliacha kuyashtaki mashirika ya ndege. Baada ya ndege ya Lion Air kuanguka Indonesia Oktoba 2018, familia kadhaa ziliwekewa mbele hati za namna hiyo mapema mno kwa malipo madogo. Baada ya ndege ya Ethiopia kuanguka tarehe 10 Machi 2019 na kuua watu 157, Wakenya 32 wakiwa ndio wengi zaidi kwa taifa, kampuni ya Boeing, iliyozitengeneza ndege zote mbili, ilitoa dola milioni 50 kwa familia za ajali zote mbili, zikasimamiwa na Feinberg na mwenzake Camille Biros, na kila familia ya marehemu 346 ikapangiwa dola 144,500 bila kutakiwa kuacha kesi yake. Huo ndio mfano wa kufuata. Wafiwa wa ajali za ndege za kimataifa wakumbushwe pia kwamba Mkataba wa Montreal unawapa miaka miwili tu ya kufungua shauri dhidi ya shirika la ndege.

Kufunga mfuko

Wekeni tarehe ya mwisho ya kupokea madai, lakini isiwe karibu sana, kwa kuwa huzuni huwafanya watu waahirishe. Hata huko Marekani familia nyingi zilisubiri hadi miezi ya mwisho kabla ya Desemba 2003, na ilibidi wafuatwe majumbani. Tengeni pia akiba kwa ajili ya watakaougua baadaye ikiwa janga lilihusu moshi, kemikali au vumbi. Mfuko wa Septemba 11 ulifungwa, ikabidi ufunguliwe upya mwaka 2011 kwa sababu ya wagonjwa, na sheria ya mwaka 2019 imeuendeleza hadi mwaka 2090.

Salio linalobaki baada ya rufaa zote kwisha lisirudi kwenye hazina ya serikali wala lisipelekwe kwenye mradi ambao haukutajwa mwanzo. Ligawanywe sawasawa kwa familia zilizokwishalipwa, mkaguzi wa nje atoe ripoti inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka, gharama za kamati na posho za vikao, na ripoti hiyo isomwe hadharani mahali janga lilipotokea kabla akaunti haijafungwa.